Hukumu ni Tawi la Ufahamu: Namna ya Kuyachunguza Maneno ya Khutba na ya Vyombo vya Habari

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Mafakihi wana kanuni mashuhuri isemayo kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho. Mwenye kuhukumu kabla ya kufahamu ni sawa na tabibu anayetoa dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua kanuni hii, na tunaifuata tunapozungumzia maji, mauzo au mirathi. Lakini linapokuja suala la maneno ya watu, yaani khutba, darsa, makala ya gazeti, kipindi cha redio au sauti inayosambazwa katika simu, wengi wetu huisahau. Tunasikia kipande na tunahukumu kizima.

Lengo la makala hii ni kueleza, kwa lugha nyepesi, namna wasomi wa taaluma ya mawasiliano wanavyoyachunguza maneno na maana zake, na namna njia hizo zinavyokutana na elimu ambazo maulamaa wetu walizijua tangu zamani. Ili maelezo yasielee hewani, tutaanza na mas-ala ya kukadiria, kama ilivyo ada ya mafakihi, kisha tutairejea hadi mwisho.

Mas-ala yenyewe

Tuseme kamati ya msikiti mmoja imeletewa sauti ya dakika mbili iliyokatwa kutoka katika khutba ya Ijumaa. Khatibu anasikika akisema: "Msinunue kwao. Hao si wenzetu, hata wakisimama nasi safu moja." Sauti hiyo imezunguka katika makundi ya simu, ikiwa na maelezo ya mtu asiyejitaja kwamba khatibu anawachochea waumini dhidi ya wafanyabiashara waliohamia mjini hapo kutoka sehemu nyingine. Baadhi ya wafanyabiashara hao, ambao ni Waislamu, wameacha kuja msikitini. Wajumbe wengine wa kamati wanataka khatibu aondolewe kabla ya Ijumaa ijayo. Wengine wanasema hii ni fitina tupu, sauti ipuuzwe.

Ndugu msomaji, makundi yote mawili yameharakisha. La kwanza limehukumu kwa kipande, na la pili limehukumu kwa mapenzi yao kwa khatibu. Heshima ya mtu mmoja iko hatarini, na vivyo hivyo udugu wa watu wengi. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inawaamrisha waumini wahakikishe habari wanapoletewa na mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Basi kuhakikisha huko kunafanywaje linapokuwa jambo lenyewe ni maana ya maneno?

Kuhesabu na kufahamu

Wasomi wa mawasiliano wana njia kubwa mbili za utafiti. Ya kwanza ni utafiti wa kitakwimu, unaouliza: ni kiasi gani, ni mara ngapi, ni watu wangapi? Ya pili ni utafiti wa kimaelezo, unaouliza: jambo hili lina maana gani kwa wanaohusika, limekuwaje, na kwa nini?

Mwaka 1952 mtaalamu wa Marekani, Bernard Berelson, alichapisha kitabu juu ya uchambuzi wa maudhui ya vyombo vya habari, akasisitiza uchambuzi wa kuhesabu yale yaliyo dhahiri katika matini. Mwaka huo huo Siegfried Kracauer, msomi Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika makala ya kumjibu. Hoja yake ilikuwa kwamba matini ni kitu kizima, na maana yake hukaa katika mahusiano ya sehemu zake. Anayeikatakata ili ahesabu vipande anaweza kupata hesabu sahihi na maana potofu.

Haina maana kwamba kuhesabu hakufai. Wataalamu watatu wa lugha wa Uingereza, Paul Baker, Costas Gabrielatos na Tony McEnery, walitoa kitabu mwaka 2013 juu ya namna magazeti ya nchi hiyo yalivyoandika kuhusu Uislamu na Waislamu kuanzia mwaka 1998 hadi 2009. Walikusanya makala zaidi ya 200,000 zenye maneno takriban milioni 143. Kompyuta iliwaonyesha ni maneno gani huja karibu na neno "Mwislamu", na ikadhihirika kwamba habari za migogoro zilitawala mno. Lakini kompyuta haikuweza kuwaeleza maneno hayo yanafanya kazi gani. Ilibidi wao wenyewe wasome makala moja moja kwa utulivu. Ndipo walipoona, kwa mfano, kwamba ibara kama "jamii ya Waislamu" iliwafanya watu wa asili na fikra mbalimbali waonekane kama kundi moja lenye rai moja. Neno halikuwa tusi, na hata hivyo lilijenga picha. Hesabu iliwapa mahali pa kutazama, na kusoma kukawapa ufahamu.

Katika mas-ala yetu, kuhesabu ni watu wangapi wameisikia sauti ile hakutatuambia khatibu alisema nini. Tunahitaji njia ya pili.

Balagha: kwa wazee wetu na kwa wasomi wa leo

Chombo kikubwa katika njia hii ni uchambuzi wa balagha, yaani kuchunguza namna maneno yanavyopangwa ili yamfikie msikilizaji na kumwathiri. Aristotle wa Uyunani, aliyefariki mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), alieleza kwamba msemaji huwakinaisha watu kwa mambo matatu: tabia yake anavyoonekana kwao kuwa mkweli na mwenye kheri, hali za nyoyo za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu, na wanafalsafa wa Kiislamu kama al-Farabi (aliyefariki mwaka 339 H., sawa na 950) na Ibn Rushd (aliyefariki mwaka 595 H., sawa na 1198) walikiandikia sherehe.

Lakini balagha ya Kiarabu ilikuwa na njia yake yenyewe, iliyotokana hasa na kuichunguza miujiza ya Qur'ani. Sheikh Abdulqahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 471 H. (1078), alibainisha katika kitabu chake Dalail al-I'jaz kwamba uzuri na nguvu ya usemi havimo katika neno moja moja bali katika nadhmu, yaani mpangilio wa maneno na namna yanavyoshikana. Ukilitoa neno mahali pake umelivua sehemu ya maana yake. Tazama namna kauli hii inavyokutana na ile ya Kracauer, ingawa kati yao kuna karibu karne tisa.

Baada yake alikuja Jalaluddin al-Qazwini, aliyefariki mwaka 739 H. (1338). Huyu alikuwa khatibu wa Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus na pia kadhi, yaani mtu wa mimbari na wa hukumu kwa pamoja. Yeye aliieleza balagha ya usemi kuwa ni usemi fasaha kuafikiana na yale yanayotakiwa na hali. Usemi mmoja huweza kuwa wa balagha leo na usiwe wa balagha kesho, kwa sababu hali imebadilika.

Mwaka 1968 msomi wa Marekani, Lloyd Bitzer, aliandika makala iliyosomwa sana katika vyuo juu ya hali inayozaa usemi. Alisema mchambuzi atazame mambo matatu: tatizo lililomfanya msemaji aseme, wasikilizaji wanaoweza kulibadilisha tatizo hilo, na vizuizi vinavyombana msemaji. Mwanafunzi aliyesoma elimu ya maani hatakuta hapa jambo geni kabisa. Na aliyesoma usulu-l-fiqhi atakumbuka namna mafakihi wanavyotofautisha lafdhi ya jumla na mahsusi, hakika na majazi, na wanavyotafuta karina kabla ya kuamua maana iliyokusudiwa.

Watafiti waliokaa na watu

Uchambuzi wa matini peke yake unaweza kumfanya mtu ajifungie chumbani na kudhania. Kwa hiyo utafiti wa kimaelezo huongeza jambo la pili, nalo ni kwenda kwa wenyewe, kukaa nao, kuwasikiliza na kuwauliza.

Richard Antoun, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliifanyia utafiti khutba katika kijiji cha Kufr al-Ma nchini Jordan, na kitabu chake kikatoka mwaka 1989. Alizikusanya khutba za imamu mmoja wa kijiji hicho, akazitazama pamoja na maisha ya wanaozisikiliza. Alichokionyesha ni kwamba khatibu hakariri tu alichokisoma. Yeye ni mtu wa kati, anayechagua kutoka katika hazina kubwa ya dini kile anachoona kinawafaa watu wake, na kukifikisha kwa lugha yao.

Charles Hirschkind naye alifanya utafiti mjini Cairo katika miaka ya 1990 juu ya kanda za khutba, kanda ambazo wahubiri kama Sheikh Abdulhamid Kishk (1933-1996) walikuwa mashuhuri kwazo. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006. Wengi waliziona kanda hizo kuwa ni chombo cha kueneza siasa tu. Hirschkind alikaa na wasikilizaji, akasikiliza pamoja nao, na akajifunza kwamba kwao kusikiliza kwenyewe ni malezi: mtu huisikiliza kanda ile ile mara nyingi ili moyo ulainike, aingiwe na khofu ya Mwenyezi Mungu na arejee katika toba. Yaani athari ya khutba haimo mdomoni mwa khatibu tu, bali pia katika namna sikio na moyo wa msikilizaji ulivyoandaliwa.

Karibu zaidi na kwetu, Susan Hirsch alichunguza mazungumzo katika mahakama za Makadhi za Mombasa na Malindi, akachapisha kitabu mwaka 1998. Alirekodi mashauri, akasoma mafaili na kuchambua namna waume na wake wanavyosema mbele ya Kadhi. Picha iliyozoeleka ni kwamba mume hutamka na mke huvumilia. Yeye aliwakuta wake wakija mahakamani kwa wingi, wakisimulia yaliyowafika, na mara nyingi wakipata haki zao. Aliona pia gharama yake: kusimulia mambo ya ndani ya nyumba kunakwenda kinyume na yale yanayotarajiwa kwa mwanamke mwenye stara, hivyo mke hushinda shauri na huku akitazamwa kuwa mtu wa kutoa siri nje. Takwimu za idadi ya talaka zisingeweza kuyaonyesha hayo. Yameonekana kwa kusikiliza neno kwa neno.

Hatua za kuichunguza mas-ala yetu

Sasa tuirejee kamati yetu. Tuseme imemteua mtu mwenye elimu na uadilifu, asiye na ugomvi wala udugu wa karibu na khatibu, aichunguze sauti ile. Atafuata hatua hizi.

Kwanza, kulipanga suali. Akianza na suali "Je, khatibu ni mchochezi?" ameshaliweka jibu ndani ya suali. Suali linalofaa ni: "Khatibu alisema nini katika khutba ile, na waliomsikia walifahamu nini?" Suali hili lina pande mbili, na kila upande unataka ushahidi wake.

Pili, kuipata matini kamili. Atafute rekodi nzima ya khutba na aiandike kama ilivyotamkwa: aliponyamaza, alipopandisha sauti, aliporudia. Tuseme ameipata, na amekuta kwamba khutba ilihusu Surat al-Mutaffifin na watu wanaopunja vipimo. Kabla ya kipande kile khatibu alikuwa akiwazungumzia wenye kuinamisha mizani, na baada yake akasema, "mpaka warejeshe haki za watu." Hapa lugha yetu ya Kiswahili inatoa karina. Neno "hao" hurejea kwa waliokwisha kutajwa. Aliyeikata sauti alikiondoa kile ambacho "hao" inakirejea, akaweka nafasi tupu, na kila msikilizaji akaijaza kwa yaliyomo moyoni mwake.

Tatu, kuijua hali. Maulamaa wa tafsiri walijishughulisha na sababu za kushuka aya, na al-Wahidi, aliyefariki mwaka 468 H., alizikusanya katika kitabu maalumu. Maneno ya wanadamu nayo yana sababu zake. Nini kilitokea mjini wiki ile? Tuseme mtafiti amegundua kwamba siku nne kabla ya khutba palikuwa na ugomvi sokoni juu ya vizimba baina ya wenyeji na wageni, na khatibu alijua.

Nne, kuchagua wa kuhojiwa. Katika utafiti wa kimaelezo hawachaguliwi watu wengi kwa bahati nasibu, bali huchaguliwa wanaolijua jambo kutoka pande zake zote. Wawemo wazee wa safu ya mbele, vijana, wanawake waliosikia kwa kipaza sauti upande wao, wafanyabiashara wenyewe, na waliokisikia kipande tu katika simu. Aendelee kuhoji mpaka ahisi kwamba watu wapya hawaongezi jambo jipya. Kipimo hiki kilielezwa na Barney Glaser na Anselm Strauss katika kitabu chao cha mwaka 1967.

Tano, kuuliza kwa suali lililo wazi. Asiseme, "Je, ulichukizwa?" Aseme, "Nielezee ulichokisikia siku ile," kisha anyamaze. Na khatibu naye ahojiwe, tena asiwe wa mwisho wala asihojiwe kama mshitakiwa.

Sita, kuyapanga majibu. Virginia Braun na Victoria Clarke, katika makala yao ya mwaka 2006, wameeleza hatua sita: kuyasoma maelezo mara kwa mara, kuzitia alama sehemu zenye maana, kuzikusanya alama zinazofanana ziwe dhamira, kuzipitia upya dhamira hizo, kuzipa majina na mipaka, kisha kuandika. La muhimu ni kwamba kila dhamira iweze kuonyeshwa maneno ya watu yaliyoizaa. Dhamira isiyokuwa na maneno nyuma yake ni rai ya mtafiti.

Saba, kuiunganisha matini na usikivu. Stuart Hall, aliyekuwa akifundisha Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba ujumbe hutiwa maana na mtoaji, lakini mpokeaji naye huufungua kwa namna yake: huenda akaukubali kama ulivyokusudiwa, akaukubali kwa masharti, au akaupinga. Mtafiti asiseme basi kwamba maana ni ile aliyoikusudia khatibu tu, wala kwamba ni ile waliyoifahamu watu tu. Aziweke zote mbili na atazame zilipoachana.

Kilichopatikana

Tuseme baada ya kazi hiyo yamedhihiri mambo matatu. La kwanza, khatibu hakuwataja wageni popote, na khutba nzima inaonyesha alikusudia kila mwenye kupunja, mwenyeji au mgeni. Tuhuma ya uchochezi haina msingi katika matini. La pili, wazee waliokuwepo tangu mwanzo walimfahamu hivyo. La tatu, na hili ndilo wapenzi wa khatibu hawakulitarajia, miongoni mwa waliosikia khutba nzima wapo vijana na wafanyabiashara waliofahamu kwamba wageni ndio waliokusudiwa. Sababu ni kwamba mjini hapo maneno "si wenzetu" ndiyo yanayotumika kila siku kuwataja watu waliohamia, na ugomvi wa sokoni ulikuwa bado wa moto.

Hapa tunarudi kwa al-Qazwini. Usemi wa khatibu ulikuwa fasaha, lakini haukuafikiana na hali. Lau angesema "wapunjaji" mahali pa "hao si wenzetu", makasi ya mkataji yasingepata cha kukata. Kwa hiyo wale waliotaka aondolewe walikosea, na wale waliotaka jambo lipuuzwe walikosea pia, kwa sababu kuna ndugu walioumia kweli, na maumivu yao hayakutokana na simu peke yake. Kamati sasa inayo njia ambayo mwanzo haikuiona: khatibu afafanue maneno yake juu ya mimbari ile ile, na wafanyabiashara waliojitenga watembelewe makwao na kusikilizwa.

Isnadi na uhakiki

Huenda msomaji akauliza: tutaaminije matokeo ya mtu mmoja aliyehoji watu wachache? Suali hili wamelijibu Yvonna Lincoln na Egon Guba katika kitabu chao cha mwaka 1985. Walisema utafiti wa kimaelezo upimwe kwa mambo manne: kama matokeo yanasadikika kwa wenye jambo lenyewe, kama hali imeelezwa kwa kina ili mwengine ajue yanaweza kumfaa wapi, kama njia iliyofuatwa ni thabiti na imeandikwa, na kama mwengine anaweza kuyarejesha matokeo kwenye ushahidi na si kwenye matamanio ya mtafiti. Miongoni mwa njia za kuyapata hayo ni kuwarejeshea waliohojiwa ufahamu wako ili wausahihishe, kulipima jambo moja kwa njia zaidi ya moja, na kuutafuta kwa makusudi ushahidi unaopingana na rai yako.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi watatambua roho inayofanana. Maimamu kama Bukhari (aliyefariki mwaka 256 H.) na Muslim (aliyefariki mwaka 261 H.), Mwenyezi Mungu awarehemu, hawakutosheka na uzuri wa matini, bali waliuliza: nani amepokea kutoka kwa nani? Ibn Abi Hatim ar-Razi, aliyefariki mwaka 327 H., alikusanya hali za wapokezi katika kitabu chake al-Jarh wa't-Ta'dil. Wakazilinganisha njia mbalimbali za riwaya moja ili ijulikane ni nani aliyeongeza na nani aliyepunguza. Sauti yetu ya dakika mbili, kwa kipimo hicho, ni riwaya iliyokatwa, na mpokezi wake hajulikani.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Elimu ya hadithi huthibitisha unasibisho wa maneno kwa Mtume (S.A.W.) ili dini ijengwe juu yake. Utafiti wa kimaelezo hutafuta maana za watu walio hai, na matokeo yake hubaki kuwa ni dhana yenye nguvu au dhaifu. Tumezilinganisha ili kuufahamisha uhakiki, hatukufanya kiasi cha kisharia.

Adabu za mtafiti

Mwenye kuuliza habari za watu amepewa amana. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Imam an-Nawawi, katika Riyadhu s-Salihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda, kama vile kudhulumiwa, kuomba fatwa na kuwatahadharisha Waislamu. Kinachozidi haja hiyo hakiruhusiwi. Kwa hiyo mtafiti atake ridhaa ya anayemhoji, amweleze kusudio lake, asimrekodi kwa siri, na afiche majina katika ripoti. Asigeuze utafiti kuwa msako wa kumfichua aliyeikata sauti. Hilo ni suali jengine lenye njia yake.

Wasomi wa kisasa wanayo misingi inayokaribiana na hayo. Ripoti ya Belmont ya Marekani, ya mwaka 1979, iliweka mihimili mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia kheri na kumwepusha na madhara, na kufanya uadilifu. Sheria nazo zimeingia: Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sauti ya mtu na maelezo yake si mali ya kila mwenye simu.

Mipaka ya njia hii

Yafaa tumalizie kwa kutaja lisilowezekana. Matokeo ya msikiti mmoja hayawi hukumu ya misikiti yote. Atakaye kujua wangapi nchini wana rai fulani, arudi kwenye takwimu. Pili, mtafiti mwenyewe ni mwanadamu mwenye mapenzi na chuki, na kwa hiyo aandike waziwazi yeye ni nani na amesimama wapi. Tatu, na hili ni kubwa zaidi kwetu, utafiti unaeleza yaliyopo na hausemi lipi halali na lipi haramu. Kazi hiyo ni ya dalili za kisharia na wenye elimu nazo. Utafiti unamletea fakihi picha iliyo wazi, naye ndiye anayeitolea hukumu. Picha ikiwa chafu, hukumu nayo itakosea hata kama dalili ni sahihi.

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, mara nyingine utakapoletewa kipande cha sauti, kichwa cha habari au ukurasa mmoja wa kitabu cha mtu, jiulize kwanza: kilichotangulia ni nini, kilichofuata ni nini, alikuwa akisema na nani, na waliomsikia walifahamu nini? Ukiwa huna majibu, basi hujalifahamu jambo, na tawi haliwezi kuota pasipo na shina.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.